Sahani ya Arobaini na Moja

Jumamosi ile sahani za santuri zilikuwa arobaini na moja. Judica alizipanga upya mezani, na bado zilikuwa arobaini na moja, ilhali mhandisi wa kinu cha pamba, alipostaafu, alimwachia arobaini kamili. Ya ziada ilikuwa kwenye jalada jeusi lisilo na jina. Akadhani ni utani wa mtu.

Kipindi chake cha redio kilikuwa kituko kwa mji kama Bariadi: kila saa kumi jioni wasikilizaji walipiga simu kuchagua, kati ya nyimbo za pili za albamu za zamani za rock, ule wanaoupenda kuliko zote. Wa pili tu. "Wa kwanza ni wa kuuzia albamu," alisema. "Wa pili ndio bendi yenyewe." Na watu walipiga, wee! Selestini wa Maswa na Malimi wa Mwamapalala waligombana wiki tatu, huyu anataka wa pili wenye kinanda, yule wa pili wenye gitaa linalolia. Mwishoni mwa kila kipindi Judica aliita, "Winnie! Winnie! Mama anakuja," na bintiye wa miaka sita, kule nyumbani Somanda, aliiitikia redio, "Abee mama!"

Fundi mitambo, Mzee Mayunga, alishamwonya alipohamia kutoka Same. "Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "huku ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Mtu ataita tena. Wale wengine wanaita mara moja tu." Judica alicheka sana. Kwao mtoto asiyeitika alipigwa kofi.

Simu ya nne ya Jumamosi ile haikuwa na salamu, si mwadila wala habari za jioni.

"Judica," ikasema.

"Abee!"

Nyuma ya kioo Mayunga akashika kichwa.

"Sahani isiyo na jina. Wimbo wa pili."

Angeacha! Lakini mtangazaji anaogopa kimya kuliko anavyoogopa nyoka, na Judica akaweka sindano. Gitaa likaanza, zito, polepole, na chumba kikajaa harufu ya pamba inayoungua. Akashusha sauti; wimbo haukushuka. Akainua sindano, wimbo ukaendelea. Akaukimbilia mlango na kitasa kikazunguka bure mkononi mwake. Mayunga alikuwa upande wa pili akiusukuma kwa bega, mdomo wake unafunguka na kufungika, na hakuna lililosikika.

Ndipo mwimbaji akaanza kuimba, na sauti ilikuwa ya Judica mwenyewe.

"Winnie," ikaimba. Mara moja.

Mungu wangu, redio ya nyumbani! Akairukia maikrofoni ili aite mara ya pili kabla mtoto hajaitika, akaita hadi koo likamuuma, lakini taa nyekundu ya kuwa hewani ilikuwa imezimika na sauti yake haikutoka nje ya kuta zile nne, nao wimbo ukazidi kwenda, dakika tano, dakika kumi, na yeye amefungiwa ndani yake, anagonga kioo kwa ngumi, analia, anamwona Mayunga anaiinamia maikrofoni yake, na kwenye hedifoni zilizolala mezani anasikia, kwa mbali, "Judica."

Akajiuma mdomo. Akangoja aitwe tena.

"Judica! Mayu!"

"Abee!"

Mlango ukaachia, akaangukia nje. Hata maji aliyoletewa hakuyataka. Alipiga simu nyumbani palepale sakafuni.

Dada wa kazi, Apolonia, akapokea kwa mshangao. "Mama Winnie? Unanipigia simu ya nini, si uko chumbani?"

"Chumbani wapi?"

"Si umeingia sasa hivi? Hata hodi hukupiga. Umemwita Winnie mara moja, akaitika, mkaingia wote mkafunga mlango." Apolonia akashusha sauti. "Na huku kunanuka kitu kinaungua. Mama Winnie, unanitisha."

"Apolonia, nakuomba. Gonga. Mwite mtoto mara mbili!"

Ndala zikaburuzwa sakafuni. Mlango ukagongwa.

"Winnie! Winnie!"

Judica alibana simu sikioni, akiomba asikie ile sauti ndogo ya mwanawe, hata ikiwa inalia. Nyuma ya mlango, huko Somanda, gitaa likaanza, zito, polepole.

"Abee," ikaitika sauti ya Judica kule chumbani.