Nani Kachukua Jezi?

Kila Jumamosi asubuhi, uani kwa kina Chiriku palikuwa na pilikapilika kuliko sokoni. Bomba lilikuwa moja, wapangaji wengi, na kila mmoja alitaka kufua kabla jua halijawa kali. Ndoo ziligongana, watoto walirushiana povu, na katikati ya kelele zote hizo sauti ya Chiriku ndiyo iliyosikika zaidi. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi ya heshima. Yeye ndiye nahodha wa timu ya netiboli ya darasa la sita, na mwalimu wa michezo alimkabidhi jezi za timu azifue kwa ajili ya mchezo wa Jumatatu. Alizisugua mpaka vidole vikakunjamana. Alipozianika, kamba yote ikawa ya njano.

"Mama, njoo uone zinavyong'aa!"

"Nimeona, mwanangu. Sasa zibane kwa vibanio, upepo wa leo hauna adabu."

"Nitabana, mama."

Lakini rafiki zake walimwita kucheza kamba, naye akatoka mbio. Vibanio vikabaki ndani ya kopo lake.

Aliporudi kuanua, jezi mbili hazikuwepo. Alitazama chini ya kamba, akachungulia nyuma ya pipa la maji, akainua hata mabeseni ya watu. Hakuna kitu.

"Tangu wale waje, vitu hapa vimeota miguu," alisema mama muuza mkaa, jirani wa mlango wa pili, huku akikielekeza kidevu kwenye chumba cha mwisho.

Chumba hicho alipanga fundi viatu na binti yake. Walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka miezi michache iliyopita. Binti alisoma darasa moja na Chiriku, na kwa urefu wake watoto walimwita Twiga. Alizungumza polepole na kwa lafudhi ya kwao, nao wenzake walipenda kumuiga.

"Asubuhi nilimwona Twiga akizitazama," alisema Chiriku.

Hilo lilikuwa kweli. Twiga alizitazama, tena akazisifu. Lakini maneno hayo yalipofika bombani, yalikuwa yamekua: Twiga alizishika. Yalipofika getini, alizikunja akaziingiza kwenye mfuko. Mpangaji mmoja akakumbuka sabuni yake iliyopotea mwaka jana, kabla fundi viatu hajahamia, lakini hata sabuni hiyo wakatwishwa wao.

Jioni, Twiga alikuja mlangoni kwa kina Chiriku.

"Nimesikia umepoteza jezi. Nikusaidie kutafuta?"

"Utafute nini, wakati unajua zilipo?"

Twiga aligeuka na kurudi kwao. Chiriku alijisikia vibaya kidogo, lakini akajiambia kwamba mwizi lazima aonyeshe uso wa huruma.

Mambo hayakuishia hapo. Mama mwenye nyumba alipopata habari, alitangaza kikao cha wapangaji kesho yake alasiri. "Mwizi akijulikana, atahama nyumba yangu," alisema. Fundi viatu hakusubiri kikao. Jumapili baada ya chakula, Chiriku alimwona akipanga nyundo, sindano na kopo la gundi ndani ya sanduku.

Mama alimtuma Chiriku akamwage maganda nyuma ya nyumba. Alipopita karibu na banda la mkaa, alisikia sauti nyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Akachungulia nyuma ya magunia. Mbwa wa mama mwenye nyumba alikuwa amelala akinyonyesha vitoto vyake, na chini yao, kama godoro la kifalme, zilitandikwa jezi mbili za njano!

Chiriku alitaka kucheka, kisha akakumbuka vibanio. Zilianguka kwa sababu hakuzibana, na mbwa akaziburuta mpaka bandani. Hakuna aliyemwona pale. Angeweza kuzichukua, kuzifua na kusema zilipeperukia ukutani, na nahodha angebaki nahodha. Lakini angesema hivyo, watu wangeendelea kuamini kwamba Twiga aliziiba, akaogopa, akazitupa.

Kikao kilikuwa kimeanza. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa ndiyo kwanza amerudi safari, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Chiriku alisimama mbele ya watu wote.

"Mwizi nimempata," alisema. "Ana miguu minne na amejifungua."

Wote walikwenda bandani. Ua ulipasuka kwa vicheko.

"Basi, mama mwenye nyumba," alisema baba, "kwa sheria yako, wa kuhama ni wewe na mbwa wako!"

Mama mwenye nyumba alicheka kwa aibu. Mama muuza mkaa alijifanya kuhesabu magunia yake. Chiriku peke yake hakucheka.

"Sikubana jezi," alisema. "Mama aliniambia, sikusikia. Halafu nikamsingizia Twiga, na sikuona chochote. Naomba mnisamehe."

Fundi viatu alikuwa amesimama pembeni, bado na nyundo mkononi. "Jana binti yangu aliniuliza, 'Baba, tumekosa nini?'" alisema. "Ndipo nikaamua kufunga mizigo."

Vicheko vilizimika. Mama mwenye nyumba alimwomba radhi, na mama muuza mkaa akaingia chumba cha mwisho kusaidia kufungua mizigo.

Twiga alimsogelea Chiriku. "Nimekusikia," alisema. "Lakini wenzetu wa darasani wanaokaa mtaa huu walinisema kwa sauti. Na wewe kesho shuleni useme kwa sauti."

Jumatatu asubuhi, mstarini, Chiriku alisema kwa sauti. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua jezi zote za shule.

Mchezo ulikwisha kwa sare. Madoa ya mkaa yalikataa kutoka, kwa hiyo nahodha alivaa jezi moja yenye doa mgongoni. Kila alipogusa mpira, mashabiki walibweka, na aliyebweka kwa nguvu zaidi alikuwa Twiga, akicheka mpaka machozi.

Jioni, baba na Chiriku walirudi nyumbani pamoja kwa miguu.

"Unajua, mwanangu," alisema baba, "kila nikivuka mpaka na lori langu, mimi ndiye mgeni. Siku moja kule ng'ambo simu ya mtu ilipotea, na wote wakanigeukia mimi. Muuza chai mmoja, mama wa kulekule, akawauliza, 'Kuna aliyemwona?' Hakuna aliyeinua mkono. Simu ikaja kuonekana chini ya kiti. Mtu kutoka nchi nyingine anaweza kuwa mwema au mbaya, kama sisi. Utamjua kwa anayotenda, si kwa alikotoka. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia mtu anasemwa, kabla hujaongeza neno lako, uliza kama yule mama: 'Kuna aliyemwona?'"