Ukuta Mbele ya Dirisha

Asubuhi ile Mama Uzi hakutulia. Alikaa kwenye cherehani yake, akainuka. Akachungulia dirishani, akakaa. Akajaribu kutunga uzi, sindano ikamkataa.

"Kaa chini, mke wangu. Utatoboa sakafu," mumewe akamtania.

"Nikae vipi? Huoni?"

Nje, jirani yao seremala alikuwa anajenga ukuta kwenye ujia uliokuwa katikati ya nyumba zao. Ulikuwa umefika nusu ya dirisha. Macho ya Mama Uzi yalikuwa yameanza kuchoka, na bila mwanga ule hakuweza kushona. Bila kushona, nyumba ingeyumba.

Mumewe, mpishi wa shule, hakuwa na subira hata ya kusubiri maji yachemke. "Leo naubomoa!"

"Ukibomoa, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Twende mahakamani."

Karani wa mahakama aliwasikiliza. "Kesi ya mpaka huchukua muda," akasema. "Na ikiisha, mtabaki majirani. Seremala akikubali, jaribuni usuluhishi kwanza."

Seremala alikubali, lakini kwa shingo upande. Akasimamisha ujenzi, wakakutana wote chumbani kwa msuluhishi, mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Mimi si hakimu," msuluhishi akaanza. "Sitasema nani ana kosa. Nitawasaidia mzungumze. Mnayosema humu hayatoki nje. Mkipatana, tutaandika. Msipopatana, mahakama bado ipo."

"Atapatana nani na mpishi mwenye mdomo mkubwa kuliko sufuria zake?" seremala akanuna.

"Na wewe kichwa chako kigumu kuliko mbao zako!"

Msuluhishi hakumkaripia yeyote. Alizungumza na kila upande peke yake, kisha akawakutanisha tena.

"Seremala, ukuta huo ni wa nini?" akauliza.

"Mbao ninazoweka hapo ujiani zinalowa mvua, zinapinda. Wateja wananikimbia. Nami nina watoto wa kulisha, mama."

Mama Uzi akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe! Mimi nilidhani unataka tuhame."

"Nikufukuze wewe? Suruali zangu nani atazitia viraka?"

Lakini swali la mpaka lilibaki. Aliyewauzia nyumba aliwaambia kila mmoja ana mita moja ya ujia. Basi wakaenda kwenye ujia wenyewe.

"Nionyesheni mlivyopima," akasema msuluhishi.

Mama Uzi akaweka utepe wake wa kupimia kwenye ukuta wa nyumba yake, akaunyoosha. Seremala akaanzia pale bati la paa lake linapoishia, si kwenye ukuta. Mita zao zikapandana. Wote walikuwa wamepima kwa uaminifu, ila kila mtu alianzia alipotaka.

Mpishi akaangua kicheko. Seremala akajikuna kisogo. "Sasa ukuta wangu uko kwenu?"

"Nyinyi ndio mtakaopatana," akasema msuluhishi. "Mnahitaji nini? Mwanga huku, ukavu kule. Mnaweza kuvipata vyote?"

Walibishana tena na tena. Mwishowe wakakubaliana: mpaka upimwe kuanzia kwenye kuta za nyumba zao. Seremala aubomoe ukuta, kisha atengeneze rafu ndefu chini ya paa lake. Mpishi atoe mabati yake ya zamani kuzifunika mbao. Msuluhishi akaandika, akawasomea polepole, wakaweka saini. Nakala moja ikapelekwa mahakamani, ili asiwepo wa kugeuka kesho.

Seremala aliubomoa ukuta kwa mikono yake mwenyewe. Mpishi alimsaidia kubeba matofali, akilalamika njia nzima.

Siku ya mvua kubwa, mbao zilikuwa kavu. Seremala akatokea dirishani na suruali iliyochanika gotini.

"Fundi, unaona vizuri humo ndani?"

Mama Uzi akainua sindano. Uzi ukapita mara moja.

"Ilete," akasema. Hakuinuka tena mpaka akaimaliza.