Folda Iliyoitwa Mpya Tatu

Mfumaji aliingia katika nyumba ile akiwa na masanduku mawili, mashine ya kufuma, na mikono isiyojua kukaa bure. Alifuma sweta za shule, kofia za watoto wachanga na vitambaa vya makochi. Mumewe alimtania, "Nikikaa kimya hapa dakika kumi, najua nitavishwa kofia."

Mumewe alikuwa dereva wa greda. Alitengeneza barabara za mbali, na nyumbani alirudi siku nne tu kwa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi walibaki wawili: Mfumaji, na binti wa mumewe mwenye miaka kumi na mitatu. Binti huyo alikuwa na miguu mirefu, myembamba, na kila mtu alimwita Nyange, kama yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Mama yake mzazi alikuwa mwalimu. Alifariki miaka miwili iliyopita.

Nyange alimwita Mfumaji Mama Mdogo. Asubuhi alimwamkia. Vyombo aliosha bila kuambiwa. Akiulizwa neno, alijibu, na akishajibu alinyamaza. Miezi saba waliishi hivyo, kama abiria wawili wa kiti kimoja, kila mmoja akichunga asimkanyage mwenzake.

Sebuleni, kwenye meza ya kona, palikuwa na kompyuta ya marehemu. Nyange aliitumia kwa kazi za shule. Mfumaji aliitumia kuchorea nembo za sweta, mraba kwa mraba. Ukiiwasha, picha ya marehemu ilijaa kioo chote. Amesimama kwenye matope, kiatu kilichokatika ukanda kimo mkononi, na anacheka mpaka macho yamefumba.

Mfumaji hakuwa na kinyongo na picha ile. Kila asubuhi, Nyange akishakwenda shule, aliiambia, "Habari za asubuhi, dada." Kisha akaanza kazi.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa nzito. Ungeweza kuiwasha, ukaenda kuchemsha chai, ukarudi, ukaikuta bado inajikuna kichwa. Jumatano moja ikaandika kwenye kioo: "Nafasi inakaribia kujaa. Futa vitu usivyohitaji."

Mfumaji alikuwa na sweta arobaini na mbili za kumaliza. Tena aliona hapa pana kazi ambayo ingemsaidia hata Nyange. Akaanza kupekua. Akakuta folda iliyoitwa Mpya 3. Akaifungua. Ndani mlikuwa na orodha ndefu ya faili, na majina yake yalikuwa tarakimu tupu.

"Hizi ni takataka za kompyuta yenyewe," akajisemea. Akaifuta folda nzima.

Halafu akahangaika na macho. Alama ndogo za faili zake zilikuwa zinapotea ndani ya rangi za ile picha. Akabofya hapa na pale, hadi kioo kikawa cha buluu tupu. Sasa aliona vizuri. "Nikimaliza nitamrudisha dada mahali pake," akasema.

Alipomaliza, akaitafuta picha. Hakuiona. Akatafuta tena. Ndipo jasho likamtoka, kwa sababu alielewa zile tarakimu zilikuwa kitu gani.

Alikuwa bado ameshika kipanya Nyange alipoingia kutoka shule. Msichana akatua mkoba. Akatazama kioo.

"Mama yuko wapi?"

"Nyange, mwanangu, kompyuta ilisema imejaa. Nikafuta folda moja. Mpya tatu. Sikujua."

"Picha zake zote zilikuwa Mpya tatu," Nyange akasema. Hakupaza sauti. "Na sauti yake. Umemfuta."

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Mfumaji alitamani aubamize.

Ng'ambo ya ukuta wao aliishi mama mmoja aliyestaafu. Alifanya kazi miaka thelathini katika masjala ya hospitali, ofisi ya kutunzia mafaili. Alianza na makabati ya makaratasi, akamaliza na kompyuta. Watu walisema angeweza kukutolea faili la ugonjwa ambao mwenyewe umesahau kama uliwahi kuuugua. Ndiyo maana jina lake mtaani likawa Bi Masjala.

Mfumaji alimkuta anapalilia maua. Shikamoo yenyewe ilitoka nusu.

"Marahaba. Kuna nini?"

Mfumaji akamweleza yote, bila kujipendelea.

Bi Masjala akaweka jembe chini. "Baada ya kufuta, ulimwaga lile pipa la taka la kwenye kioo?"

"Nililiona. Niliogopa kuligusa."

"Basi woga wako umekufaa. Twende. Futa machozi kwanza, usije ukajikwaa ukanipa kazi nyingine."

Walipoingia sebuleni, Bi Masjala hakutazama kioo. Alitazama sanduku la kompyuta lililokuwa chini ya meza. Lilikuwa limevaa sweta ya kijani, yenye vifungo vitatu.

"Nani ameivisha hii?"

"Mimi. Vumbi lilikuwa linaingia."

"Mwanangu, hii inapumua kwa matundu haya ya nyuma na ya ubavuni. Umeyaziba. Inatweta humo ndani kama mtu anayekimbia na koti. Joto linaiua, tena linaipunguza kasi." Akafungua vifungo kimoja kimoja. "Vumbi unalitoa kwa brashi laini, mara moja kwa mwezi. Unaizima kwanza, unachomoa waya wa umeme, ndiyo unapangusa. Ukishaizima kabisa na ikapoa, hapo uifunike upendavyo."

Kisha akakaa kwenye kiti. Akaonyesha alama ndogo ya pipa pembeni mwa kioo.

"Kompyuta nyingi ziko hivi. Kitu ukikifuta, hakipotei pale pale. Kinawekwa humu. Kinakaa mpaka mtu amwage pipa. Ila usilitegemee mno, maana likijaa, vya zamani hutupwa. Na faili kubwa sana, au faili la kwenye flashi, pengine halipiti humu kabisa."

Akabofya mara mbili. Pipa likafunguka. Folda ya Mpya 3 ilikuwemo.

Mfumaji akasogea karibu. Akanyoosha mkono kwenye kipanya.

"Ngoja," Bi Masjala akasema. "Ulizifuta bila kumuuliza mwenyewe. Usizirudishe bila yeye."

Mfumaji akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba. Akagonga kwa kidole kimoja.

"Nyange. Picha zipo. Bi Masjala amezipata. Anasema uje uzirudishe mwenyewe."

Mlango haukufunguka, Mfumaji akaendelea.

"Na mimi nimekukosea, mwanangu. Nilitakiwa nikuulize. Sikukuuliza kwa sababu tumeshazoea kutoongea, mimi na wewe. Nilidhani hivyo ndivyo unavyopenda, nikajipumzisha kwa hilo."

Kitanda kikalia. Mlango ukafunguka.

Nyange akakaa kwenye kiti. Bi Masjala akamwelekeza. "Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia. Umeona panapoandikwa rejesha? Hapo hapo."

Folda ikarudi mahali pake. Nyange akaifungua. Picha mia mbili na kumi na nne, na faili moja la sauti. Akalibofya lile la sauti.

"Nyange," sauti ya mwanamke ikasema, nzito, ya mtu mwenye haraka. "Ukitoka shule usisahau kuanua nguo. Na usivue viatu mlangoni, juzi nusura nivunjike shingo."

Maneno yakaishia hapo.

"Sikujua kama alikuwa na sauti nzito," Mfumaji akasema.

"Alikuwa nayo," Nyange akajibu. Safari hii hakunyamaza. "Kanisani au shuleni, akiimba, watu wanageuka. Hakujua kuimba hata kidogo."

Bi Masjala akapenga kamasi, kisha akarudi kazini. Akafungua mipangilio, mahali panapoonyesha nafasi imeliwa na nini.

"Tazameni. Picha zote hizi ni kapu moja tu. Mwenye gunia ni huyu hapa." Zilikuwa filamu kumi na tisa, na michezo minne mikubwa. "Za nani?"

"Za Baba Mdogo," Nyange akasema. "Alikaa hapa likizo."

Mfumaji akaenda kuchukua simu.

"Unampigia nani?"

"Shemeji. Namuuliza kabla ya kufuta."

"Umeshafaulu mtihani," Bi Masjala akasema.

Shemeji alisema zifutwe, alikwisha kuzitazama zote mara mbili. Filamu wakazifuta. Michezo waliiondoa kupitia mipangilio, kwenye orodha ya programu, kwa sababu Bi Masjala alisema programu haifutwi kwa kutupa folda yake. Mabaki yanabaki yanasumbua. Halafu akawaonyesha programu saba zilizokuwa zinajiwasha zenyewe kila kompyuta inapowashwa. "Hizi ndizo zinazokuacha uchemshe chai. Hii ya kuzuia virusi iacheni. Hizi sita zizimeni, mtaziwasha mkizihitaji."

Kuhusu ile picha ya kioo, alikuwa na dawa nyingine.

"Nyumba hii ina vyumba viwili vya kulala. Kwa nini kompyuta iwe na kimoja? Kila mtu awe na akaunti yake, na neno la siri lake. Ukiingia kwako, unakuta picha yako, faili zako, na herufi za ukubwa wako. Wa pili haguswi."

Wakafungua akaunti mbili. Kwenye ya Nyange, marehemu alirudi na kiatu chake. Kwenye ya Mfumaji, Bi Masjala alikuza herufi na alama zote, akakinenepesha na kile kimshale cha kipanya. Nyuma akaweka rangi moja iliyotulia. Mfumaji akatazama. Aliona kila kitu bila kukunja uso. Hata hivyo hakugusa kipanya.

"Hupendi?" Nyange akauliza.

"Napenda. Ila itabidi nizoee. Asubuhi nilikuwa namsalimia."

"Nani?"

"Mama yako. Namwambia, habari za asubuhi, dada."

Nyange akamgeukia. "Anakujibu nini?"

"Anacheka tu. Si unamwona."

Nyange akainamisha uso. Mabega yake yalitikisika kidogo, na Mfumaji hakujua ni kicheko au kilio. Akamwekea mkono mgongoni. Haukuondolewa.

Kabla ya kuondoka, Bi Masjala aliwaachia kazi. "Picha hizi ziwe na nakala mbili, kwenye flashi mbili. Moja wekeni droo ya chumbani. Nyingine nileteeni mimi, maana nyumba moja ikivujiwa na mvua, nyingine inabaki kavu. Na hayo majina ya tarakimu yaondoeni. Kila picha ipewe mwaka, mahali, na waliomo. Kama ingekuwa na jina, Mama Mdogo asingeifuta."

Nakala walizitengeneza kesho yake. Majina ndiyo yaliyochukua siku nyingi. Nyange alizijua picha, lakini kuandika kwake kulikuwa kwa kidole kimoja. Vidole vya Mfumaji vilikimbia juu ya vitufe kama viko kwenye nyuzi. Kwa hiyo wakagawana. Kila alasiri Nyange alifungua picha kumi, akasema, na Mama Mdogo wake akaandika.

"Hii ni mahafali ya darasa lake. Huyu mwenye tai alimwogopa Mama mpaka alipokuwa mkubwa."

"Na hii?"

"Hapo amekasirika. Baba alikuwa amechemsha wali ukawa uji."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo."

Hivyo ndivyo Mfumaji alivyomjua mwanamke aliyemtangulia. Alijua aliogopa konokono, alijua alipenda kukaa dirishani, alijua aliumwa lini na kwa muda gani. Siku nyingine Nyange alisema nusu ya jina akashindwa, nao wakaifunga kompyuta wakaenda kupika. Waliizima kwa utaratibu wake, si kwa kuchomoa waya.

Baba alirudi Jumamosi ya wiki ya tatu ya kazi hiyo, saa kumi alasiri, vumbi la barabarani likiwa bado kwenye nyusi. Aliwakuta mbele ya kompyuta wanabishana.

"Ni harusi," Nyange alikuwa anasema. "Ana maua mkononi."

"Harusi gani ya kuvaa kanga iliyofungwa kiunoni?" Mfumaji akauliza.

Baba akaona kilichokuwa kwenye kioo. Tangu msiba hakuwahi kuzifungua picha zile. Akashika kitasa cha mlango, kama mtu aliyekumbuka kitu nje.

"Baba," Nyange akasema, "njoo utuamue. Tukikosea jina, halitafaa."

Akakiachia kitasa. Kisha akavuta kigoda, akakaa kati yao.

"Siyo harusi," akasema. "Ni siku tuliyohamia nyumba hii. Maua aliyachuma njiani. Alisema mtu haingii nyumba mpya mikono mitupu."

Mfumaji akaweka vidole kwenye vitufe. "Mwaka gani?"

Akautaja. Mfumaji akauandika, akaandika na mengine yote, mpaka maua. Baba akausoma mstari ule hadi mwisho.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Hamsini na moja," Nyange akasema.

Baba akainama, akaanza kufungua kamba za buti zake.