Gazeti Lisilo na Tarehe

Kila alasiri Sesilia alikwenda kwenye baraza ya ofisi ya tawi la TANU, Temeke, kufundisha watu wazima kisomo. Wanafunzi wake walikuwa akina mama wa mtaani, wengine wamemzidi umri. Magazeti yalikuwa adimu. Basi aliomba kwa muuza samaki vipande vya magazeti ya kufungia, akavisoma darasani kwa sauti.

Jumanne alisoma kipande kimoja: "Chanjo ya ndui Temeke imeahirishwa hadi mwezi ujao."

"Afadhali," alisema Eufrazia, mwanafunzi mwenye mtoto wa miezi mitano. "Basi Alhamisi siendi zahanati, nitafua."

Alhamisi asubuhi Sesilia alikuwa bombani akichota maji. Mumewe, Gregori, akaja mbio.

"We Sesilia, si ulisema chanjo imeahirishwa? Mbona nesi yuko zahanati? Saa sita anaondoka!"

Ndoo ikamponyoka. Alikimbilia nyumbani, akakitafuta kile kipande, akakigeuza. Nyuma palikuwa na habari za maonyesho ya Sabasaba yaliyofunguliwa jana yake. Sabasaba? Huu ni mwezi wa Machi! Gazeti lilikuwa la mwaka uliopita, na pembe yenye tarehe ilikuwa imechanika.

"Mungu wangu, nimewapotosha watu," alisema. Wakijua, nani atarudi darasani?

"Waambie tangazo limebadilika, basi," alisema Gregori.

"Halijabadilika. Mie ndiye niliyekosea."

Alipita nyumba kwa nyumba, khanga ikimvuka begani. Alimkuta Eufrazia kwenye beseni la nguo.

"Mwalimu, si gazeti ndilo lililosema?"

"Lilisema mwaka jana, mama. Sikutazama ni la lini. Kosa langu. Mbebe mtoto twende."

Walifika zahanati akina mama kumi na mmoja, wakihema. Nesi alikuwa akifunga sanduku lake. Aliwatazama, akalifungua tena. Mtoto wa Eufrazia alipochanjwa akalia kwa nguvu, na Sesilia naye akalia.

Bwana Wilbert, mratibu wa elimu ya watu wazima, alikuwapo hapo zahanati. Sesilia alimwamkia, akamweleza yote, akingoja kufukuzwa.

"Shikamoo yako nimeipokea, na kosa nimelisikia," alisema Bwana Wilbert. "Sikufukuzi. Sisi tulikufundisha kufundisha herufi, hatukukufundisha kuihoji habari. Ukipata habari, jiulize: ni ya lini? Nani kaisema? Nani mwingine anaijua? Ungekuja kuuliza hapa zahanati, ni hatua chache tu. Jumamosi walimu wa Tabata na Temeke tunaanza kukutana, tufundishane. Utatusimulia hili."

"Mbele ya walimu wote?"

"Wote."

Jumamosi hiyo alisimama mbele ya walimu, sauti ikimkatika, akasimulia bila kujitetea. Alipomaliza, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha Audax, mwalimu mkongwe wa Tabata, akasimama polepole.

"Mie yangu ilikuwa habari ya redio," alisema. "Niliisikia nusu, nikawapa wanafunzi nzima. Huu mwaka wa pili, sijamwambia mtu."

Sesilia akasogea, akampisha mbele. Kikao kilipangwa kiishe saa tisa. Kiliisha magharibi, maana kila mwalimu alikuwa na kosa lake la kusimulia.