Mtoto wa Meli ya Jumanne

Picha za watoto walioshuka melini Jumanne zilikuwa hazipo. Za Jumatatu zipo, za Jumatano zipo. Jumanne ilikuwa tupu kama sahani iliyorambwa na paka.

"Zimeibiwa," alisema Bonaventura, mkuu wa kituo cha kupokelea wakimbizi mjini Kigoma. "Mkamate mlinzi, Inspekta. Ndiye anayeshinda hapa na funguo."

"Mlinzi anajua kuwasha kompyuta?"

"Hajui."

"Basi tumwache mzee wa watu anywe uji wake."

Inspekta Rozalia alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mpenda vitendawili. Watuhumiwa wengi walimdharau mpaka walipojikuta wamekwisha kusema kila kitu. Hata hivyo hakuja kwa ajili ya picha. Alikuja kwa ajili ya Verediana, mama wa Kirundi aliyeketi sakafuni karibu na mlango, macho yamemvimba.

Ilikuwa Mei ya mwaka 2015. Watu kutoka Burundi walikuwa wamejaa Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka mchanga wa ufukwe hauonekani. Meli kubwa haikuweza kusogea nchi kavu, kwa hiyo wavuvi waliwapeleka watu kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake. Walikuwa na utaratibu wao: mtoto hutangulizwa juu, mama hufuata. Jumanne ile Verediana alimnyanyua mwanawe Elia, mikono ya watu ikampokea. Alipotaka kupanda yeye, sauti ikatoka juu: "Imejaa! Rudisheni mtumbwi!" Meli ikaondoka na mtoto. Mama akafika kwa meli ya Alhamisi, na mtoto hakumkuta.

"Mama, mwanao ana alama gani?" Rozalia alichuchumaa mbele yake.

"Kovu la moto. Hapa, mkono wa kushoto. Alishika sufuria ya maharage."

"Anajua kusema jina lake?"

"Hata miaka miwili hajatimiza, mukubwa. Atasemaje?"

Bonaventura alikohoa. "Inspekta, tuseme ukweli tu. Huenda mtoto alitumbukia ziwani. Mama huyu anapanda basi la kambini mchana huu. Niandike hivyo, tumalize."

"Sipandi," alisema Verediana. "Mwanangu hakutumbukia. Nilimwona juu kule, analia."

"Usiandike kitu," Rozalia alimwambia Bonaventura. "Kalamu yako ina haraka kuliko basi."

Bila picha, hakuna aliyeweza kuapa kwamba Elia alikanyaga Kigoma. Rozalia akamwita karani wa uandikishaji, Feliksi, mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi barabara.

"Jumanne nani alikaa kwenye kompyuta?"

"Mimi, afande."

"Watoto ulipiga picha?"

"Wote. Zikapotea. Mashine nayo huugua, afande, kama sisi tu."

"Ikiugua mnaipa dawa gani?"

"Tunaizima, tunaiwasha."

"Mngekuwa madaktari mngetumaliza," alisema Rozalia. Feliksi akacheka, akafuta jasho. Asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Jonathan, mtaalamu wa kompyuta wa kitengo cha upelelezi, alikwisha kuketi mbele ya mashine, upara wake unang'aa.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," alisema Rozalia.

"Picha hazikai ndani ya kompyuta. Zinakaa kwenye diski hii ya nje. Lakini diski haisomeki mpaka programu iipachike kwenye folda yake. Chukulia diski ni boti, folda ni mwalo. Boti ikifungwa mwaloni, ndipo mizigo inapakiwa."

"Boti isipokuwepo?"

"Programu inapaswa kupiga kelele: kifaa hakipo. Ikikosa idhini, inasema ruhusa imekataliwa. Kila kosa lina sauti yake." Jonathan akachomoa diski, akaiwasha programu upya. Kimya. Dirisha la kupigia picha likafunguka kama kawaida. "Unaona? Hii imezibwa mdomo."

Akaifungua programu yenyewe, akaweka kidole kwenye kioo. "Mstari huu. Unasema kosa lolote likitokea wakati wa kupachika, nyamaza, endelea na kazi. Umeongezwa Jumanne asubuhi, kabla meli haijafika."

"Na nani?"

"Mwenye nywila ya ofisi."

"Nywila wanayo wangapi?"

Feliksi na Bonaventura wakatazamana.

"Mimi sijui hata kufuta barua pepe!" Bonaventura alipaza sauti.

"Mkuu, si wewe uliyesema programu inachelewesha foleni?" Feliksi alijibu upesi.

"Nilisema! Kusema ni kuchezea mashine?"

"Nyamazeni, mtagombana jioni," alisema Rozalia. "Jonathan, diski yenyewe Jumanne ilikuwepo?"

"Kumbukumbu za mashine zinasema haikuwepo kutwa. Ilirudishwa Jumatano."

Rozalia akakunja uso. Boti haikuwepo, lakini mizigo ilipakiwa, na mwenye kupiga kelele alikuwa amezibwa mdomo. Mizigo ikaenda wapi? Majini? Alikuwa amekulia Katonga, kijiji cha wavuvi wa dagaa. Mara ngapi aliona mawingu yakija, wanawake wakatupa turubai juu ya dagaa walioanikwa, na mgeni akipita akadhani siku hiyo hawakuvua?

"Kitendawili!" alisema ghafla.

"Tega," Jonathan aliitikia bila kugeuka.

"Nimetandika mkeka juu ya mkeka, mgeni asema ninao mmoja."

Vidole vya Jonathan vikasimama. Akageuka polepole. "Afande... folda ipo hata kama diski haipo. Programu ilinyamaza, ikaandika picha kwenye folda tupu, humuhumu ndani ya kompyuta. Jumatano diski ikapachikwa juu yake."

"Ikazifunika."

"Ikazifunika! Hazikufutika. Ziko chini!"

"Basi kunjua mkeka wa juu."

Jonathan akairudisha diski kwanza, akahakikisha picha za siku nyingine ziko salama, kisha akaamuru ibanduliwe. Mashine ikakataa: kifaa kina shughuli. Akajaribu tena. Kifaa kina shughuli.

"Ndiyo nini?"

"Kuna mtu ameishika folda hiyo hivi sasa. Boti haifunguliwi watu wangali ndani. Wala siitaki kuing'oa kwa nguvu, tutaharibu."

"Muulize ni nani."

Jonathan akaandika amri. Jibu likaja na jina la mtumiaji na jina la kompyuta. "Feliksi. Chumba cha pili."

Rozalia akatazama nyuma. Mahali aliposimama karani palikuwa wazi.

Walimkuta ameinama juu ya kompyuta nyingine ya ofisi, iliyounganishwa na ile ya kwanza kwa mtandao, folda ya picha imefunguliwa, mkono juu ya kipanya.

"Nilikuwa natafuta tu, afande. Nawasaidia."

"Ulikuwa umekalia mlango tusiufungue. Toa mkono, baba. Polepole."

Jonathan akaifunga folda. Akatoa amri tena. Safari hii mashine haikuleta ubishi. Diski ikabanduka, na chini yake zikatokea: sura moja, ya pili, ya tatu, watoto wa Jumanne wakikodolea macho kamera, nywele zina chumvi ya jasho na vumbi la Kagunga.

"Mwiteni mama."

Verediana alisimama nyuma ya kiti. Picha zilipita. Kisha akatokea mtoto mdogo, mdomo wazi kwa kilio, kovu limekaza ngozi ya mkono wa kushoto. Kwa kuwa hakutaka kusimama, mtu mzima alikuwa amempakata, akimbembeleza. Mtu huyo alikuwa Feliksi.

"Mwana wanje!" Verediana alipiga yowe, mlinzi na uji wake wakaingia mbio. "Ni yeye! Ni Elia! Mlisema amekufa maji!"

Bonaventura akairudisha kalamu mfukoni.

Rozalia alimkalisha Feliksi, akamwonya kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na kupelekwa mahakamani.

"Yuko wapi?"

"Mtaa wa Katubuka, hapa hapa mjini. Kwa dada yangu, Frida."

"Frida anajua?"

"Hajui kitu. Nilimwambia serikali imempa yatima amlee." Machozi yakamtoka. "Amezika watoto watatu, afande. Wakwe wanamwita kaburi. Nami kila siku naona watoto wanashuka peke yao. Nikasema nitachagua mmoja tu. Jumanne nikaondoa diski, nikainyamazisha programu, nikiamini picha zitapotelea hewani. Ndiyo maana sikuogopa kumpakata."

"Uliuliza kama ana mama?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Feliksi akainamisha kichwa. "Ningejibiwa."

Rozalia akamfunga pingu mwenyewe, bila kuzikaza.

Basi la kambini liliondoka bila Verediana. Gari la polisi lilipanda Katubuka jua likiwa bado kali. Frida alitoka uani na mtoto kiunoni, uso umejaa furaha ya mwenye nyumba anayepata wageni. Kisha akaona pingu za kaka yake ndani ya gari. Akamwona mama wa Kirundi akishuka. Hakuhitaji kuambiwa, maana mtoto alikwisha kunyoosha mikono yote miwili, anapiga mateke, analia kwa hasira ya kucheleweshwa.

Frida akatembea mwenyewe mpaka kwa Verediana, akamkabidhi.

"Amekula," alisema. "Nimemwogesha. Sikujua, dada. Mungu anaona, sikujua."

"Naona," alisema Verediana. "Ananukia sabuni."

Frida akageukia gari. "Feliksi! Ungeniambia kweli, ningemtafuta mama yake kwa miguu yangu!"

Hapo ndipo Verediana alipomwinua mwanawe juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Akapiga vigelegele vya kwao, vile virefu vya Kirundi, majirani wa Katubuka wakatoka wakavidaka bila kuuliza sababu. Yeye akageukia upande wa ziwa, kule mabondeni linakong'aa, akapaza sauti kama anayeliambia lenyewe:

"Elia! Elia wa Verediana! Huyu hapa!"