Jini Linalokula Alasiri

Mkate ulikuwa mzima kwa nje. Hilo ndilo lililomchanganya Fundi. Ganda limesimama vilevile kabatini, juu linang'aa, lakini alipolishika likabonyea kama kofia. Ndani hamna kitu. Mtu alikuwa ameula kutokea tumboni, akauacha umevaa ngozi yake.

Na kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mama mkwe.

"Umeanza tena," mama mkwe akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu.

Fundi alitaka kubisha, ulimi wake ukakuta chembe ya mkate nyuma ya jino. Akaimeza.

Huyu Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule, kazi anaifanyia sebuleni kwa cherehani ya miguu. Sukari ilimwingia zamani, akaizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Lakini sasa kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa na kidonda kisichotaka kufunga, na daktari alimwambia bila kuzungusha maneno: sukari isiposhuka kabla ya kliniki ijayo, kidole kinakatwa. Na mguu huo ndio ulioilisha nyumba. Basi nyumba ikageuka kituo cha polisi. Mama mkwe alifunga kabati, akakagua viazi, akanusa vikombe. Kila jirani aliyepita alikuwa na ushauri: acha mkate, acha wali, jikaze, ni nia tu. Watu wenye kongosho nzima wanajua sana mambo ya nia.

Fundi akajikaza. Asubuhi alijichoma sindano yake ya insulini, akanywa chai isiyo na kitu na kipande cha mkate kisichotosha mtoto, mchana akaupitisha kwa maji matupu ili aonekane ana nidhamu. Na alasiri, jua limeegemea dirishani, mtaa umenyamaza, kitu kilikuja.

Kwanza ilikuja harufu: mkate unaotoka tanurini, katika nyumba isiyo na tanuri. Halafu sauti, mtu anatafuna taratibu nyuma ya mlango wa jiko, mdomo wazi, bila haya. Halafu Fundi akajikuta amesimama jikoni, vidole vina mafuta, tumbo limekaza kama ngoma, hakumbuki hata tonge moja alilolifurahia. Hilo lilimuuma kuliko yote. Kama ni kupoteza kidole, basi walau angeonja utamu.

Bintiye, aliyemaliza chuo kikuu na kurudi kulala kwenye kitanda chake cha utotoni, hakuamini. "Mama, be serious. Jini gani hilo linalokula mkate na wali tu? Mbona mboga za majani haligusi?"

"Liulize wewe, si umesoma."

"Nimesoma sana tu. Hata majini hayaniiti kwenye usaili."

Ndipo Fundi akapata wazo ambalo angelipata mshonaji peke yake. Washonaji hubana pini midomoni wanapokunja pindo, na mtu mwenye pini mdomoni hali, haongei, hata kucheka anacheka kwa pua. Basi alasiri ilipokaribia alipanga safu ya pini kati ya midomo, akakaa kwenye cherehani akijiambia kwamba sasa mlango una komeo, na harufu ikaja, na yeye akakanyaga, na kutafuna kukaanza, safari hii si jikoni bali nyuma ya kiti chake, kisha karibu na sikio, kisha ndani ya taya lake mwenyewe, na miguu yake ikaendelea kukanyaga cherehani ambayo haikuwa tena mbele yake, kwa sababu alikuwa amekaa sakafuni jikoni akisukumia mdomoni wali wa baridi kwa mikono miwili.

Pini hazikuwemo mdomoni.

Hakuthubutu hata kumeza mate. Aligonga sufuria sakafuni mpaka binti akaja mbio, akampekua ulimi, mashavu, kola. Walizikuta kwenye pindo la gauni lake, zimechomekwa kwa mstari ulionyooka, kazi safi kuliko yake.

"Limezitoa," Fundi akanong'ona. "Halitaki nife. Linataka nile."

Siku hiyo binti hakufanya mzaha.

Mama mkwe akamleta mganga. Alifika asubuhi, akazunguka nyumba, akanusa kabati, akatangaza kwamba jini hili ni la tumbo na dawa yake ni njaa: mgonjwa asitie kitu mdomoni mpaka litoke lenyewe kwa aibu. Binti akauliza itakuwaje, maana mama ameshajichoma sindano, na bila chakula sukari itaanguka. Akaambiwa wasomi wanyamaze, mambo ya hospitali yabaki hospitali. Fundi alikiangalia kidole chake. Alikuwa amechoka kubishana na kila mtu, pamoja na tumbo lake. Akakubali.

Kabla ya adhuhuri jasho likamtoka. Mikono ikatetemeka, kila mtu yeye akamwona wawiliwawili, na maneno yakaanza kumponyoka kabla hajayafikisha mwisho. Mganga akafurahi, akasema linapanda hilo, msimpe kitu. Kisha kinywa cha Fundi kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila imepoa, kama chakula cha jana.

"Mnanifukuza kwa njaa?" ikasema. "Njaa ndiyo iliyonileta. Mkifunga kabati, nafungua. Akijinyima mchana, mimi namlia alasiri. Ongezeni kufuli. Ongezeni."

Binti alimpiga mganga kikumbo, akakoroga sukari kwenye maji, akamnywesha mama yake kidogo kidogo, mkono mmoja umeshika kidevu. Mganga akalalamika kwamba anamlisha jini.

"Namlisha mama yangu. Mlango ule pale."

Fundi alirudi polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Mama mkwe, aliyekuwa amejibanza ukutani, alivua kamba ya ufunguo shingoni. Hakuomba radhi, yeye na radhi hawakuwa wakisalimiana. Alifungua tu kabati, akaliacha wazi.

Tangu hapo Fundi akala mchana, mezani, mbele ya watu: wali wa kipimo, maharage, mboga. Jini liliendelea kuja, lakini lilikuta tumbo lina mwenyewe. Siku nyingine lilishinda. Siku nyingi halikushinda.

Kliniki ilipofika, daktari aligeuza mguu huku na huku, akasoma sukari, akasema kidonda kinafunga, kidole kitabaki. Akampongeza kwa kuishinda tamaa. Fundi alitaka kumrushia kiatu. Ameshinda nini? Juzi tu alikula nusu mkate kwa kusimama. Kesho ni vita ileile, na keshokutwa, bila likizo, bila kustaafu.

Alitoka, akakaa kwenye benchi la nje kufunga kamba za viatu. Benchi likabonyea upande wa pili, ambako hakukuwa na mtu.

"Leo tunakula nini?" ikauliza sauti, kwa upole wa ndugu wa damu.

"Utakula nyumbani," Fundi akajibu bila kuinua kichwa, wagonjwa wote wakimgeukia. "Mezani, nami, sahani moja. Ikiisha imeisha."

Akasimama kwa vidole vyake vyote, akaanza kutembea. Nyuma yake benchi likalia, likiachia uzito, na hatua zikamfuata.