Hisa Zilipanda, Vitanda Vikaporomoka

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze yaliyompata Baba Pacha, maana yanaweza kumpata yeyote kati yetu.

Alikuwa msimamizi wa karakana katika kampuni ya samani ambayo hisa zake ziliuzwa kwenye soko la hisa, na yeye mwenyewe alikuwa nazo chache. Jumapili moja asubuhi alikuwa amejinyoosha sebuleni, watoto wake pacha wakigombea penseli sakafuni, mkewe akipiga pasi. Nyumba ina amani yake. Mara ujumbe ukaingia kwenye simu: kampuni itatumia fedha zake kununua hisa zake yenyewe kutoka sokoni.

"Maana yake nini?" mkewe aliuliza.

"Hisa zikipungua mikononi mwa watu, bei inapanda. Sisi tulionazo tunanona."

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikula huku akichungulia bei, akaoga simu ikiwa dirishani. Na bei ilipanda kweli. Akaweka nyumba dhamana benki, akakopa, akanunua hisa zaidi.

"Baba Pacha, kwani makochi yanauzika?" mkewe aliuliza.

"Mimi nakwambia bei, wewe unaniambia makochi!"

Kumbe fedha ambazo kampuni ilinunulia hisa zake ndizo zilizokuwa zimetengwa kununua tanuri jipya la kukaushia mbao. La zamani lilikuwa limechoka. Siku moja seremala alimletea ubao wa kitanda.

"Bosi, huu ni mbichi. Ukikaukia nyumbani kwa mtu utapinda, viungo viachie."

Aliushika, akahisi unyevu wake. Alijua. Lakini akizuia vitanda, mauzo yatashuka, na hisa zake je?

"Pitisha," alisema, bila kumtazama usoni.

Msomaji, hapo ndipo alipouza usalama wa watu wengine, ambao haukuwa wake kuuza.

Haikupita miezi mingi, dada yake akapiga simu akilia. Kitanda alichonunua kwa ushauri wa kaka yake kilikuwa kimeporomoka, mama yao akiwa amelala juu yake. Nyonga imevunjika.

Hospitalini mama alimshika mkono. "Mwanangu, si kilitoka kwenu kile kitanda?"



Vitanda vikarudishwa kwa malori. Kampuni ilipotangaza mahesabu ya mwaka, ilikuwa hasara tupu. Hisa zikaanguka, karakana ikafungwa, benki ikachukua nyumba.

Mkewe hakumsimanga. Wakifunga mizigo alimwambia tu, "Nyumba tutatafuta nyingine. Lakini vile vitanda vingine, mpaka sasa vina watu juu yake."

Maneno hayo yalimnyima raha. Kesho yake alibeba nyundo, gundi na mbao kavu, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba kwa waliovinunua vitanda hivyo. Wengine walimkaribisha, wengine walimfokea mlangoni mbele ya majirani. Hakubishana. Palipofunguliwa alipiga magoti, akaingia uvunguni na kukaza chaga. Mama yake alipona, ila hadi leo anatembea kwa mkongojo.

FUNZO

Ndugu zangu, kununua hisa si kosa, wala kampuni kununua hisa zake si dhambi. Kosa ni kuipandisha bei huku kazi yenyewe inaoza. Kabla hujaweka nyumba yako rehani kwa ajili ya kampuni, uliza inatengeneza nini, na kama wewe mwenyewe ungethubutu kumlaza mama yako juu yake.